Somo la Wanachama: Kutafuta Taka Zilizozikwa Shambani Bila Kuchimba



Katika kitabu cha mihutasari cha chama kimoja cha msingi wilayani Gairo kuna mstari mmoja usemao kwamba dawa za ghala zilizokwisha muda wake, mapipa manne ya chuma na magunia kadhaa ya unga, "zimezikwa nyuma ya ghala". Chini ya mstari huo pana sahihi tatu: ya mwenyekiti, ya mtunza ghala na ya mkaguzi. Sahihi ya mkaguzi ni yangu. Niliitia katika miaka yangu ya mwanzo ya kazi. Nilifuta thamani ya dawa hizo katika leja, hesabu zikalingana, nikapanda basi kurudi Morogoro nikiwa nimeridhika. Sikuuliza nyuma ya ghala ni upande upi, wala ni hatua ngapi kutoka ukutani, wala shimo lilikuwa na kina gani.

Ghala lile halipo tena. Lilibomolewa baada ya kuta zake kupasuka, matofali yakauzwa kwa wanachama, na kiwanja chake kikaunganishwa na shamba la chama. Tangu hapo shamba hilo limelimwa mahindi, mbaazi na alizeti, na sehemu yake moja hutoa mahindi mafupi ya rangi ya njano kila msimu. Upande wa chini kuna korongo ambalo kila masika hula udongo na kusogea karibu zaidi. Bodi ya chama ilipoamua kujenga ghala jipya, sakafu ya kuanikia nafaka na kisima, wazee walikumbuka mapipa. Ndipo nilipoitwa.

Vijana walikuwa tayari na sururu. Walisema kazi ni ya siku mbili tu. Mzee mmoja, aliyekuwa mpakizi wa magunia siku dawa zilipozikwa, aliwakataza. "Wanangu, mimi nilikuwepo," alisema. "Mwenzetu aliyebeba pipa lililovuja hakulala usiku ule. Msiliguse kwa sururu." Kisha akanigeukia. "Na wewe, Bwana Mkaguzi, si uliandika? Basi tuonyeshe ni wapi."

Sikuwa na la kumjibu. Somo hili limetokana na swali lake, na nimeliandika kwa ajili ya vyama vingine ambavyo huenda vina mstari kama ule katika vitabu vyao.

Jinsi mashimo yalivyopotea vitabuni

Ni haki kuanza kwa kuwapunguzia lawama wale waliozika. Zamani maelekezo mengi yaliyotolewa pamoja na dawa za kilimo yaliruhusu kiasi kidogo cha dawa mbovu kufukiwa ardhini mbali na maji. Mtunza ghala aliyefanya hivyo alikuwa akitii. Leo ushauri wa wataalamu, pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), ni kinyume chake: dawa mbovu hazizikwi kabisa, wala hazichomwi ovyo nyuma ya nyumba, bali hukusanywa, hufungwa upya na kupelekwa kwenye tanuri maalumu lenye joto la nyuzi zaidi ya 1,000.

Wala mashimo hayakupotea kwa uzembe peke yake. Wanaushirika wenye umri mkubwa hawajasahau Mei 1976, vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ilikuwa imekwisha kukipa kijiji kazi za chama cha ushirika, na ununuzi wa mazao ukawa mikononi mwa mamlaka na mashirika ya mazao. Kwa upande wa mahindi lilikuwa Shirika la Taifa la Usagishaji. Vyama vilirudishwa kwa Sheria ya mwaka 1982. Zikafuata sheria za mwaka 1991, 2003 na 2013, na hii ya mwisho ndiyo iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kila mara ghala lilipopata mwenyewe mpya, makabidhiano yaliandikwa: mizani, turubai, magunia matupu, kufuli na funguo zake. Sijapata kuona hati ya makabidhiano iliyotaja shimo.

Kwa upande wetu kuna jambo moja zaidi. Gairo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kilosa hadi mwaka 2012 ilipofanywa wilaya. Basi atafutaye majalada ya zamani ya chama cha Gairo hana budi kuuliza Kilosa vilevile, kabla ya kukata tamaa.

Yaliyotokea Vikuge

Huenda msomaji akasema kwamba mapipa manne ni jambo dogo, na kwamba ardhi husafisha kila kitu baada ya muda. Namwomba atazame Vikuge, katika Wilaya ya Kibaha, Mkoa wa Pwani.

Mwaka 1986 lilipelekwa katika shamba la serikali la Vikuge shehena ya dawa za kilimo iliyotolewa kama msaada kutoka Ugiriki, takriban tani 170, na sehemu yake ilikuwa imekwisha muda tayari. Dawa hizo ziliwekwa katika banda lililo wazi. Banda likachakaa, mwishowe likaanguka. Pale hapana mtu aliyechimba shimo. Mvua na kuporomoka kwa banda vilifanya kazi ya kuzika. Baadaye mabaki yaliyoonekana kwa macho yaliondolewa, na mtu apitaye angedhani kwamba kazi imekwisha.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walikwenda kuchukua udongo na maji mahali hapo, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2004. Walipima udongo katika vina vitatu hadi sentimita 50, wakakuta DDT na HCH katika vina vyote. Katika udongo wa juu, sampuli iliyokuwa mbaya kuliko zote ilikuwa na asilimia 28 ya DDT na jamii zake. Tukokotoe kwa njia ya dukani: katika kilo moja ya udongo, gramu 280 zilikuwa dawa. Maji ya visima na ya juu ya ardhi yaliyo karibu nayo yalikutwa na sumu za jamii hiyo. Wataalamu wale walisema kwamba udongo wenyewe uliobaki ulikuwa umegeuka kuwa taka ya hatari, na kwamba kuondoa kile kinachoonekana si kumaliza tatizo.

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Stockholm juu ya kemikali za namna hii mwaka 2004, na ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza katika mpango wa kuondoa akiba za dawa mbovu barani Afrika. Kazi hiyo, hata hivyo, huanza na orodha ya maghala yanayojulikana. Shimo lisilojulikana halimo katika orodha yoyote.

Wala jambo hili si la nchi maskini peke yake. Katika mji wa Niagara Falls, Marekani, kampuni moja ilifukia zaidi ya tani 20,000 za taka za kemikali katika mfereji wa zamani uitwao Love Canal tangu mwaka 1942 hadi 1953. Kisha ardhi ikauzwa kwa bodi ya shule kwa dola moja, na hati ya mauzo ikataja kwamba chini yake kuna taka. Shule ikajengwa hivyo hivyo, na nyumba zikaizunguka. Mwaka 1978 serikali ililazimika kutangaza hali ya hatari na kuhamisha familia. Wale walikuwa na maandishi. Sisi tuna maneno matatu, "nyuma ya ghala".

Ardhi iliyochimbwa haisahau

Mama anunuaye mtungi sokoni huugonga kwa kidole na kusikiliza. Hauvunji ili aone ndani. Mlio wa mtungi mzima na mlio wa mtungi wenye ufa haulingani, na hiyo tofauti ndiyo anayoitafuta. Elimu ya jiofizikia hufanya vivyo hivyo kwa ardhi: huigonga kwa umeme, kwa sumaku au kwa mawimbi, na kusikiliza tofauti.

Tofauti lazima iwepo, kwa sababu shimo lililofukiwa halirudii kuwa ardhi ile ya kwanza. Udongo wa chini huwa umechanganyika na wa juu. Fukio huwa legevu kuliko kando zake, hushika maji zaidi au huyapoteza upesi zaidi, na hushuka kidogo kidogo kama kaburi linavyoshuka. Hata pakipita miaka arobaini, tofauti hiyo hubaki.

Njia ambayo wengi wenu mmekwisha kuiona, bila ya kujua kwamba yafaa kwa kazi hii, ni ile ya watafutao maji ya kisima kirefu. Hupigilia ardhini vijiti vinne vya chuma katika mstari mmoja. Umeme wa betri hupitishwa katika vijiti viwili vya nje, na viwili vya ndani hupima nguvu iliyopo kati yao. Kwa hesabu hupatikana ukinzani wa udongo, yaani jinsi udongo unavyozuia umeme kupita. Mfinyanzi wenye maji hupitisha umeme kwa urahisi; mchanga mkavu na mwamba huuzuia. Mfaransa Conrad Schlumberger alianza majaribio ya namna hii mwaka 1912 kwa kutafuta madini. Vijiti vikiwekwa mbalimbali, umeme hushuka chini zaidi. Vikikaribiana, hupita juu juu. Vinapopangwa kwa nafasi zilizo sawa, kipimo huhusu zaidi kina kilicho karibu na nusu ya nafasi kati ya kijiti na kijiti. Basi atafutaye shimo la mita moja au mbili hana haja ya waya wa mita mia mbili kama mtafuta maji. Nafasi za mita mbili hadi nne humtosha, lakini atasogeza vijiti vyake mara nyingi sana. Wakati wa kiangazi, udongo wa Gairo unapokuwa mkavu kama kigae, kila kijiti humwagiwa maji kidogo yenye chumvi ili umeme upate njia.

Njia ya pili ni ya sumaku, nayo yafaa sana kwa mapipa ya chuma. Dunia yote ni sumaku, na nguvu yake hapa kwetu ni nanotesla elfu thelathini na kitu. Kipande cha chuma kilichozikwa huipotosha nguvu hiyo kidogo mahali kilipo. Pipa moja la lita 200 katika kina cha mita mbili laweza kuipotosha kwa makumi ya nanotesla, na chombo kiitwacho magnetomita hutambua hata nanotesla moja. Mpimaji hutembea nacho katika mistari iliyonyooka kama apandaye mahindi kwa kamba. Lakini kwanza huvua mkanda wenye bakuli ya chuma, huacha funguo, simu na saa, na asiruhusu mtu mwenye panga kumfuata. Niliona mpimaji akirudia mstari mzima kwa sababu kijana aliyeshika kamba alikuwa amevaa viatu vyenye chuma kidoleni.

Hapa kuna jambo la kuwaonya wanaodhani kwamba chombo hulia juu ya pipa. Katika sehemu zetu, kusini ya ikweta ya sumaku, chuma aghalabu huonyesha ongezeko upande wa kaskazini na upungufu upande wa kusini, na chenyewe huwa kati ya hivyo viwili. Achimbaye mahali ambapo namba ni kubwa kuliko zote huchimba pembeni. Tena nguvu ya dunia yenyewe hupanda na kushuka tangu asubuhi hadi jioni kwa sababu ya jua, kwa makumi ya nanotesla vilevile. Kwa hiyo chombo cha pili huachwa mahali pamoja kutwa nzima, ili mabadiliko hayo yatolewe katika hesabu. Na udongo wetu mwekundu, pamoja na miamba ya milima ya Ukaguru, una chembe za chuma za asili ambazo huleta kelele katika vipimo. Mpimaji mwaminifu hupima kwanza mahali ambapo kila mtu ana hakika kwamba hapakuzikwa kitu, ajue kelele hiyo ni kiasi gani.

Njia ya tatu hutumia koili mbili za waya zilizo katika mwanzi mmoja mrefu. Koili ya kwanza huamsha umeme mdogo ndani ya udongo bila kuugusa, na ya pili huupokea. Ni ya upesi, kwa kuwa hakuna kijiti cha kupigilia, nayo huonyesha vizuri maji yenye chumvi na kemikali zinazoyeyuka yanavyotoka shimoni na kutelemka. Ikiwa maji ya ardhini yana chumvi kwa asili, tofauti hiyo hufifia. Ya nne ni rada, isukumwayo juu ya ardhi kama toroli na kupokea mwangwi. Katika mchanga mkavu huona mita kadhaa chini. Katika mbuga na mfinyanzi uliolowa hupofuka kabla ya kufika mita moja. Asiyeujua udongo wake asikodi rada.

Kile ambacho chombo hakiwezi kusema

Watu wa Morogoro tunawafahamu panya buku wafundishwao na shirika la APOPO katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambao tangu mwaka 2000 wamekuwa wakizoezwa kunusa mabomu ya ardhini, na waliosaidia kuisafisha Msumbiji. Panya yule hunusa baruti yenyewe. Chuma kitupu hakimshughulishi. Vyombo nilivyovieleza havinusi. Huonyesha kwamba hapa pana tofauti, kisha hunyamaza.

DDT haipitishi umeme wala haina sumaku, na haiyeyuki katika maji ila kwa kiasi kidogo mno. Magunia ya unga wa DDT yaliyozikwa peke yake hayataonekana na magnetomita hata kidogo. Kitakachoonekana, ikiwa bahati ipo, ni shimo lenyewe kwa njia ya umeme. Chupa za plastiki ni hivyo hivyo. Kwa upande mwingine, chombo cha sumaku kitashangilia kila kipande cha chuma: bati la zamani, sahani ya jembe la kukokotwa, uma wa baiskeli. Jirani zetu wa Kongwa walipelekewa matrekta mengi yaliyosalia vitani kwa ajili ya Mradi wa Karanga ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Mradi ule ulishindwa, pamoja na mambo mengine, kwa sababu waliouanzisha walikuwa na haraka ya kulima kabla ya kuujua udongo na mvua. Nautaja kwa sababu haraka ile ile niliiona machoni mwa vijana wenye sururu.

Kwa hiyo vipimo husimama juu ya habari zilizokusanywa kabla. Sisi tulianza na wazee. Tulikuwa na watu watatu waliokuwepo siku ile, nasi tulifanya kosa la kuwauliza wawili wakiwa pamoja: wa pili alikubali kila neno la wa kwanza. Wa tatu, yule mpakizi, tulimchukua peke yake alfajiri, tukamwacha atembee bila ya kumwongoza. Hakutafuta ghala. Alitafuta mti. "Palikuwa na mkwaju," alisema, "tukapumzika kivulini baada ya kufukia." Mkwaju ulikwisha kukatwa, lakini kisiki chake kilikutwa chini ya magugu. Mahali alipoonyesha palikuwa mita kumi na nane kutoka pale walipoonyesha wenzake.

Kisha tulipima eneo lililotosha kubeba shaka zote mbili: mita 40 kwa 30. Kwa mistari iliyoachana mita moja, hiyo ni mistari 31 ya mita 40, yaani mwendo wa mita 1,240. Kwa kipimo kila nusu mita kuna vipimo 81 katika mstari, jumla 2,511. Hesabu hiyo yaweza kumwogofya katibu wa chama. Lakini na ailinganishe na kuchimba: eneo lile lile likichimbwa kwa kina cha mita mbili ni mita za ujazo 2,400 za udongo, pamoja na sururu kupita katikati ya mapipa ambayo kutu imekwisha kuyala.

Kabla ya wapimaji kufika, magugu yalifyekwa, waya wa uzio ukaondolewa, na vipande vya bati vilivyobaki vya ghala vikaokotwa mmoja mmoja. Kazi hiyo ya kuokota bati ilichukua muda mrefu kuliko upimaji wenyewe.

Tulichokipata, na tulichokifanya

Karatasi ya vipimo ilionyesha mahali pawili penye nguvu. Pa kwanza palikuwa karibu na pale walipoonyesha wale wazee wawili. Ongezeko lilikuwa kubwa lakini jembamba, dalili ya chuma kilicho karibu na uso wa ardhi, na kipimo cha umeme hakikuonyesha shimo. Mpimaji alifukua kwa mwiko, taratibu, akatoa ekseli ya mkokoteni. Pa pili palikuwa hatua saba kutoka kisiki cha mkwaju. Pale ongezeko na upungufu vilikuwa vipana, dalili ya chuma kingi kilicho chini zaidi, na ukinzani wa udongo ulikuwa tofauti katika eneo la karibu mita tatu kwa mbili. Palikuwa upande wa korongo. Kutoka ukingo wa korongo hadi pale hapakuzidi mita kumi na moja.

Hatukuchimba. Hilo ndilo jambo lililokuwa gumu zaidi kuwaeleza wanachama, kwa maana mtu aliyetafuta kitu na kukiona hutaka kukitoa. Lakini chombo hakikusema ndani ya mapipa mna nini, na mapipa ya kutu hayainuliwi kwa kamba. Sampuli za udongo huchukuliwa pembeni mwa shimo na upande wa mtelemko kwa keekee ya mkono, na mtu aliyefundishwa na mwenye mavazi ya kumkinga, kisha hupelekwa maabara. Chama kiliandika barua kwa ofisi ya wilaya, na nakala kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira na kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, tukaambatanisha karatasi ya vipimo. Barua yenye ramani husomwa tofauti na barua yenye malalamiko.

Wakati tunasubiri, yako mambo ambayo chama chaweza kuyafanya kwa mikono yake. Eneo lilizungushiwa uzio wa miti na miba, pana kuliko shimo. Mtaro wa kukinga maji ulichimbwa upande wa juu, mbali na fukio, ili mvua isipite juu yake, na matuta ya mawe yakawekwa katika korongo ili lisisogee. Mahali pa kisima palihamishiwa upande wa juu wa mtelemko. Kilimo kilisimamishwa ndani ya uzio, na maboga yalikatazwa hata kando yake. Watu waliuliza kwa nini maboga hasa. Sababu ni kwamba mimea ya jamii ya maboga na matango hufyonza sumu za jamii ya DDT kutoka udongoni kuliko mazao mengine mengi, na desturi yetu ni kuyapanda katikati ya mahindi. Kuku nao wazuiwe. Kuku hudonoa udongo kutwa nzima, na sumu hizi hukaa katika mafuta ya mwili wake na kuingia katika kiini cha yai. Mama mmoja mwanachama aliuliza kama mayai aliyowalisha wanawe miaka yote hiyo yalikuwa na sumu. Nilimwambia kwamba karatasi yetu haiwezi kujibu hilo, na kwamba maabara peke yake ndiyo itakayojibu. Hakuridhika na jibu hilo, wala mimi sikuridhika nalo.

Ninapoandika somo hili mapipa bado yamo ardhini. Katika kitabu cha mihutasari, chini ya ule mstari wa zamani, umeongezwa mpya: umbali kutoka kisiki cha mkwaju, umbali kutoka jiwe la mpaka, kina kinachokadiriwa, namba za setilaiti za mahali, majina ya walioshuhudia, na tarehe. Mchoro umebandikwa katika ukurasa huo huo, na nakala yake imo katika jalada la makabidhiano ya mali za chama, pamoja na mizani na turubai.

Maswali ya kujadiliana katika mkutano wa chama

Je, chama chenu kina ghala, au kiliwahi kuwa na ghala, lililotunza dawa kabla ya mwaka 1990? Limepita katika mikono ya nani, na jalada la kila makabidhiano liko wapi?

Katika leja zenu, dawa zilizofutwa hesabuni zilikwenda wapi? Someni maneno yenyewe yaliyoandikwa, kisha mtu mmoja asimame na kuonyesha mahali hapo kwa hatua kutoka kitu ambacho bado kipo.

Ni wazee gani waliofanya kazi katika ghala hilo na wangali hai? Nani atakwenda kuwauliza, mmoja mmoja, na lini?